Lugha Ngapi za Serikali? Tazama Kwanza Nakala Ipi Inashinda

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina ibara mbili ambazo ni nadra kuzisikia zikitajwa pamoja. Ibara ya 7 inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, Kiswahili kimetangulizwa. Ibara ya 259, huko mwishoni wasomaji wanapokuwa wameshachoka, inasema nakala za Katiba za lugha tofauti zikipingana, itakayofuatwa ni ya Kiingereza. Kiswahili kimepewa kiti cha mbele ukumbini, funguo za ukumbi anazo mwingine.

Siwacheki Wakenya. Kwetu Tanzania Katiba yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili, na bado kwa miaka mingi shahidi alisimama katika mahakama ya wilaya akatoa ushahidi kwa Kiswahili, wakili akamhoji kwa Kiswahili, hakimu akamsikia kwa Kiswahili, halafu kalamu ikaandika Kiingereza. Hukumu ikitoka, mwenye shamba anaambiwa kwa mdomo kwamba ameshindwa, anakabidhiwa karatasi asizoweza kuzisoma, na siku za kukata rufaa zinaanza kuhesabiwa. Mpaka sheria iliporekebishwa mwaka 2021 ndipo Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na hata hapo mlango wa Kiingereza uliachwa wazi kwa pale haki itakapohitaji.

Mjadala wa kuchagua lugha rasmi haujaisha katika ukanda huu. Uganda bado inajadili Kiswahili kitatumika wapi, Sudan Kusini inaendelea na Kiingereza, Kongo ina lugha moja rasmi na nne za taifa. Mtu akiniuliza nchi ya makabila mengi ichague vipi, huwa sianzi na orodha ya majina ya lugha. Naanza na maswali manne. Nani anaamka asubuhi akiwa tayari anaijua lugha hiyo, bila kwenda shule? Nani atawalipa wafasiri, wakalimani, walimu na wachapaji? Atakayeudhika ni nani, naye ana nguvu kiasi gani? Na nakala mbili zikipingana, ipi inashinda?

Swali hilo la mwisho si la wanasheria peke yao. Mei 1889 Menelik II wa Uhabeshi na Italia walitia saini mkataba wa Wuchale, kwa Kiamhari na kwa Kiitaliano. Ibara ya 17 kwa Kiamhari ilisema mfalme *anaweza* kuitumia Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano ilisomeka kwamba amekubali kufanya hivyo, Italia ikaitangazia Ulaya kuwa Uhabeshi uko chini yake. Menelik aliukana mkataba, na 1 Machi 1896 pale Adwa tofauti ya kitenzi kimoja ikaamuliwa kwa mizinga.

Ya mgeni peke yake

Njia nyepesi kuliko zote kuiandika ni kuchukua lugha ya mkoloni na kuacha mengine. Sudan Kusini ilipopata uhuru Julai 2011, Katiba yake ya mpito ilisema lugha zote za asili za nchi hiyo ni lugha za taifa na zitaheshimiwa, kisha ikasema lugha rasmi ya kazi ni Kiingereza, nacho ndicho cha kufundishia katika ngazi zote za elimu. Nchi ina lugha zaidi ya 60. Kuchagua Kidinka kungewaudhi Wanuer, kuchagua Kinuer kungewaudhi Wadinka, na Kiarabu kilikuwa lugha ya Khartoum, waliyopigana nayo miaka mingi. Kiingereza hakikuwa cha kabila lolote.

Kwa kipimo cha ugomvi, uamuzi huo unaeleweka. Kwa kipimo cha nani anaamka akiijua, hali ni nyingine. Waliosoma uhamishoni Uganda na Kenya walirudi na Kiingereza mkononi. Waliosomea Khartoum kwa Kiarabu walirudi na vyeti ambavyo ghafla vilikuwa vimepungua thamani. Sokoni Konyo Konyo, Juba, biashara inakwenda kwa Kiarabu cha Juba, lugha inayowaunganisha watu wa makabila mbalimbali mjini humo, nayo katika Katiba hakuna mahali imetajwa kwa jina.

Hapa inafaa kuzitenganisha lugha ya taifa na lugha rasmi, maana wanasiasa hupenda kuzichanganya. Lugha rasmi ndiyo ya kazi: fomu, hukumu, mtihani, mkataba. Lugha ya taifa mara nyingi ni cheo cha heshima. Katiba ya Kongo ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba (Tshiluba) ni lugha za taifa. Mtu wa Lubumbashi, Bukavu au Goma anaweza kuishi maisha yake yote kwa Kiswahili, akapenda, akauza, akagombana, akazika. Siku akihitaji hati ya kiwanja inabidi amtafute anayejua Kifaransa. Kwa hiyo rasimu ikikuletea maneno "lugha ya taifa", pokea kwa shukrani lakini usiyahesabu bado.

Gharama ya njia hii haionekani kwenye bajeti, ndiyo maana mawaziri wa fedha huipenda. Anayeilipa ni mwananchi mmoja mmoja: anamlipa mwandishi wa barua aliyekaa nje ya ofisi ya wilaya, anampeleka mtoto darasani akakariri asichokielewa, anapanga foleni na mjukuu wa kumtafsiria.

Moja ya kwenu, lakini ya nani?

Njia ya pili ni kuchagua lugha moja ya nyumbani. Hapa ndipo mfano mmoja hutajwa mno, wa Indonesia, na mwingine unasahauliwa, wa Pakistan. Ni lazima isomwe pamoja.

Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana wa makoloni ya Uholanzi kule Asia walikutana Jakarta, wakati huo Batavia, wakaapa juu ya nchi moja, taifa moja na lugha moja ya umoja, wakaiita Kiindonesia. Kabila kubwa kuliko yote lilikuwa Wajava. Lugha iliyochaguliwa haikuwa Kijava. Ilikuwa Kimalay, lugha ya bandarini, waliyoizaliwa watu wachache tu lakini wafanyabiashara, mabaharia na hata maafisa wa Kiholanzi waliitumia kisiwa hadi kisiwa. Wajava walikubali. Kijava, pamoja na utajiri wake, kina ngazi za adabu: namna unavyomwambia mkubwa sivyo unavyomwambia mdogo, na kabla hujafungua mdomo lazima ujue nani yuko juu ya nani. Kwa vijana waliotaka taifa la watu sawa, hiyo ilikuwa shida. Mwaka 1942 Wajapani walipoingia wakapiga marufuku Kiholanzi, Kiindonesia kikabaki uwanjani, na Katiba ya 1945 ikakiandika kuwa lugha ya dola.

Msomaji wa Kiswahili akisikia "lugha ya bandarini iliyopanda bara" anatabasamu, maana anaijua hadithi. Kiswahili nacho kilipanda na misafara, Wajerumani wakakitumia kwa maakida na makarani wao, na TANU ikakikuta kiko tayari. Hakikuwa cha Wasukuma wala cha Wachaga wala cha Wahaya. Watu wa pwani waliokizaliwa hawakuwa wengi kiasi cha kuwatisha wa bara.

Sasa Pakistan. Machi 1948 Muhammad Ali Jinnah alikwenda Dhaka akatangaza kwamba lugha ya dola itakuwa Kiurdu. Ukikisikia haraka unaweza kudhani ni mpango uleule wa Indonesia. Kiurdu hakikuwa lugha ya kabila kubwa. Waliokizaliwa nchini Pakistan walikuwa wachache, na Jinnah mwenyewe alilelewa kwa Kigujarati. Tofauti ilikuwa moja, nayo ilitosha kuivunja nchi. Kule magharibi Kiurdu kilikuwa kimeshaenea mijini, shuleni na jeshini. Mashariki, walikoishi zaidi ya nusu ya raia wote, wakizungumza Kibengali, Kiurdu hakikuwa sokoni. Tarehe 21 Februari 1952 polisi waliwapiga risasi waandamanaji Dhaka, wanafunzi wakiwemo. Katiba ya 1956 ilikiongeza Kibengali, lakini jeraha lilikuwa limeshakaa, na mwaka 1971 ikazaliwa Bangladesh. Ile Februari 21 ndiyo UNESCO iliyoifanya Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, mwaka 1999.

Kwa hiyo haitoshi kusema "tuchague lugha isiyo ya kabila". Lugha hiyo lazima iwe imeshafika mwenyewe, kwa miguu yake, pande zote za nchi kabla serikali haijaitangaza. Kwa kipimo hiki, Uganda ina mtihani mgumu kuliko Tanzania. Luganda kinasikika mbali nje ya Buganda, lakini kina mwenyewe, na majirani wanaogopa mwenyewe huyo. Kiswahili hakina mwenyewe Uganda, lakini kwa wengi kilifika kimevaa sare: ni lugha waliyoisikia kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, sifa hiyo haikufutika, ilizidi.

Na kuchagua lugha ya kabila kubwa moja kwa moja? Sri Lanka ilifanya hivyo. Sheria ya mwaka 1956 ilikifanya Kisinhala kuwa lugha pekee rasmi. Hesabu ilikuwa rahisi, maana Wasinhala walikuwa wengi na ndio wapiga kura. Watamil walioshika kazi serikalini kwa Kiingereza wakatakiwa wafaulu Kisinhala au waache ajira. Kitamil kilikuja kuwekwa rasmi mwaka 1987, vita vikiwa vimeshaanza miaka minne nyuma. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi. Lugha ilikuwa mojawapo, nayo ni ile iliyoweza kuepukwa kwa sentensi moja zaidi ndani ya sheria.

Njia hii ya lugha moja ya kwenu ndiyo iliyonilea, kwa hiyo nijisute kidogo. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, na darasani hazina nafasi. Bibi wa Kidatoga anapokwenda zahanati na mjukuu wa kumwelezea mganga maumivu ya chini ya kitovu, Kiswahili kwake hakina tofauti kubwa na Kifaransa cha Lubumbashi. Tunajisifu kwa umoja, na tuna haki. Bei yake tumewatoza watu ambao hawajui kuandika barua ya malalamiko. Halafu kuna kile kituko chetu cha elimu: mtoto wa shule ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili, anafaulu, anaingia kidato cha kwanza anakuta fizikia, jiografia na historia zimegeuka Kiingereza katika likizo moja. Kwa hiyo hata nchi inayotajwa kama mfano wa lugha moja, ukiitazama shuleni, ni ya lugha mbili zilizounganishwa vibaya.

Zote mezani

Afrika Kusini ilikuwa na sababu ya kuogopa lugha moja. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Ubaguzi ulipokwisha, hakuna aliyetaka kuwa wa kumwambia mwenzake lugha yako imebaki nje. Katiba ya 1996 ikataja 11: Kizulu, Kixhosa, Kiafrikana, Kiingereza, Sepedi, Kisotho, Kitswana, Kiswati, Kivenda, Kitsonga na Kindebele. Julai 2023 lugha ya alama ikawa ya 12. Orodha hiyo ina asili yake: mbili zilikuwa rasmi tangu zamani, na zile tisa ndizo zilizokuwa za bantustani, vile vinchi vya bandia walivyogawiwa Waafrika. Waliozibomoa kuta za ubaguzi walilazimika kuitumia ramani yake.

Mimi naipenda sana Katiba ile, na wimbo wao wa taifa wa lugha tano huwa unanisisimua kila timu yao ya raga inapousimamia. Ila ahadi ni deni. Katiba inasema lugha zote zipate heshima sawa, halafu inasema serikali kuu lazima itumie *angalau mbili*. Sheria ya mwaka 2012 ikaongeza: kila wizara ichague angalau tatu. Kutoka 11 umeshafika tatu. Mwaka 2017 wakuu wa mahakama wakaamua kumbukumbu za kesi ziwe kwa Kiingereza tu. Umefika moja. Na Ibara ya 240 ilikuwa imeshasema tangu mwanzo kwamba nakala za Katiba zikipingana, ya Kiingereza inashinda, lugha ambayo kwa sensa ya 2011 ilizungumzwa nyumbani na asilimia 9.6 ya watu, ilhali Kizulu ni asilimia 22.7.

Je, lilikuwa kosa? Kwa kipimo cha ugomvi, hapana. Hakuna aliyeingia msituni kwa sababu ya lugha. Raia wa Limpopo ana mahali pa kusimama akidai fomu ya Kivenda, na akinyimwa anaweza kushtaki. Kipo pia chombo, PanSALB, kilichoundwa 1995 kusimamia mambo haya. Kasoro ni kwamba lugha kumi zikiwa sawa zote, hakuna hata moja yenye uzito wa kusukumana na Kiingereza. Wazazi wanaona hilo haraka kuliko wataalamu: shule nyingi huanza kwa lugha ya nyumbani miaka mitatu, kisha zinahamia Kiingereza, na wenye uwezo hawasubiri hata hiyo mitatu.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Zimbabwe mwaka 2013 ilitaja lugha 16, mojawapo imeandikwa "Koisan", jina ambalo wanaisimu hulitumia kwa kundi zima la lugha, si lugha moja. Bolivia mwaka 2009 iliandika Kihispania na lugha 36 za wenyeji, baadhi zikiwa zimebaki na wazungumzaji wachache mno. Kuna heshima katika kutajwa, sikatai. Lakini lugha isiyo na karani, mwalimu wala kamusi ikitajwa kwenye katiba huwa kama jina kwenye mnara wa kumbukumbu.

Kila mtu na kwao

Uswisi haikugawa lugha kwa watu. Iligawa kwa ardhi. Kijerumani kinazungumzwa na zaidi ya asilimia 60, Kifaransa karibu 23, Kiitaliano karibu 8, na Kirumanshi nusu asilimia hivi. Ukihama Zürich ukaenda Geneva, watoto wako watasoma kwa Kifaransa, wala hakuna atakayekuuliza ulikotoka mlizungumza nini. Sheria za shirikisho hutoka kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiitaliano, na hakuna nakala inayoishinda nyingine. Jaji akikuta utata anazisoma zote tatu kutafuta maana. Kirumanshi kilipigiwa kura na wananchi mwaka 1938 kikawa lugha ya taifa, na 1996 wakakipa urasmi wa kiasi: mwenye lugha hiyo anaweza kuiandikia serikali kuu kwa lugha yake na kujibiwa kwayo.

Nusu asilimia, na bado kajibiwa barua. Katika nchi zote nilizozitaja, hii ndiyo ninayoionea wivu.

Ila usiiige kwa haraka. Uswisi ni tajiri, na wengi wa watu wake walishakaa kila mmoja upande wake. Ukiileta sera ya ardhi Afrika Mashariki, utaanza na mikoa miwili mitatu ambako mambo yatakwenda vizuri, halafu utafika Nairobi, Kampala, Dar es Salaam au Nakuru. Nakuru ni ya lugha gani? Swali hilo likiulizwa na afisa elimu ni la kitaalamu. Likiulizwa mwaka wa uchaguzi, kwa watu waliopitia machafuko ya baada ya uchaguzi ya 2007 na 2008, linamaanisha "mgeni hapa ni nani".

India ilijaribu kuchanganya. Katiba yake ya 1950 ilisema lugha rasmi ya muungano ni Kihindi, na Kiingereza kiendelee kwa miaka 15 tu, mpaka 26 Januari 1965. Wakati huohuo majimbo yakaanza kudai mipaka ya lugha. Potti Sriramulu alifunga kula akidai jimbo la wasemao Kitelugu, akafa Desemba 1952, na mwaka uliofuata jimbo la Andhra likaundwa. Mwaka 1956 ramani ya nchi ikapangwa upya, kwa sehemu kubwa kufuata lugha. Wengi walitabiri kwamba India ingevunjika. Haikuvunjika. Kilichokaribia kuiwasha moto ni kile kipengele cha miaka 15. Tarehe ilipokaribia, sheria ya 1963 ilisema Kiingereza "kinaweza" kuendelea kutumika baada ya 1965. Viongozi wa Kitamil wakauliza: kinaweza, au kitaendelea? Menelik angewaelewa. Januari 1965 jimbo la Madras, ambalo leo ni Tamil Nadu, lililipuka, watu wakafa, wengine kwa kujichoma moto, na mwaka 1967 sheria ikarekebishwa ili Kiingereza kisiondolewe bila ridhaa ya majimbo yasiyotumia Kihindi.

Leo orodha ya lugha katika nyongeza ya nane ya Katiba yao imetoka 14 hadi 22, Mahakama ya Juu inaendeshwa kwa Kiingereza, na Tamil Nadu inaandika barua zake kwa Kitamil. Haipendezi machoni. Inafanya kazi.

Mbili kwa kazi mbili

Kenya, Rwanda, Singapore na nyingine zimeweka lugha chache zenye kazi tofauti. Singapore ni mfano wa ukali wa mpango huo: Kimalay ndicho lugha ya taifa, cha wimbo na cha amri za gwaride, Kimandarini na Kitamil ni rasmi na vinafundishwa, Kiingereza ndicho cha shule na kazi. Kinachosahaulika ni kwamba Wachina wengi wa pale hawakuzungumza Kimandarini nyumbani bali Kihokkien, Kiteochew au Kikantoni, na kampeni ya serikali iliyoanza 1979 iliwabadilisha. Wajukuu wengi hawaelewani vizuri na bibi zao.

Rwanda ni kinyume cha nchi zote hizi, maana karibu kila mtu anazungumza Kinyarwanda, na bado ina lugha nne rasmi, Kiswahili kikiwa kimeongezwa 2017. Lugha tatu za ziada ni za majirani na biashara. Anayeweza kumudu hilo ni yule ambaye nyumbani kwake hana ugomvi wa lugha.

Bunge la Kenya, kwa utani mdogo, linaonyesha mpango huu unavyokuwa katika maisha: lugha zake ni Kiswahili, Kiingereza na lugha ya alama ya Kenya, na kanuni zinamtaka mbunge aliyeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa hiyohiyo. Ukiwasikiliza Wakenya wenyewe mtaani utajua ni adhabu kiasi gani.

Ukiziweka bega kwa bega

| Nchi | Lugha rasmi | Anayeanza mbele | Sheria zikibishaniwa |
|---|---|---|---|
| Sudan Kusini | Kiingereza | aliyesomea uhamishoni | Kiingereza |
| Indonesia | Kiindonesia | mtu wa mjini na bandarini | Kiindonesia |
| Afrika Kusini | 12 | mwenye Kiingereza | Katiba: Kiingereza |
| Uswisi | 3, na Kirumanshi kwa kiasi | kila mmoja kwao | zote tatu sawa |
| India | Kihindi na Kiingereza; majimbo yana zake | mwenye Kiingereza, au Kihindi kaskazini | Kiingereza |
| Kenya | Kiswahili na Kiingereza | aliyesoma | Katiba: Kiingereza |

Soma safu ya mwisho kutoka juu kwenda chini. Ukiziacha Indonesia na Uswisi, nchi zilizopitia njia tofauti kabisa, zenye lugha moja, mbili au kumi na mbili, zimekutana mlango mmoja, wa Kiingereza.

Kuna nchi moja iliyojaribu kugeuza jambo hili kwa nguvu: Ayalandi. Katiba yake ya 1937 inasema nakala ya Kiayalandi inashinda ile ya Kiingereza, ingawa wengi wa raia wake huzungumza Kiingereza. Matokeo yake ni burudani. Kwa Kiingereza, rais anatakiwa awe amefikia mwaka wake wa 35, jambo ambalo kwa hesabu ya makini mtu hulifikia siku anapotimiza 34. Kwa Kiayalandi, lazima awe ametimiza 35 kamili. Mwenye miaka 34 anayetamani urais Dublin akajifunze Kiayalandi kwanza, ajue kwa nini amekataliwa.

Ningekuwa kwenye tume ya katiba, ningechagua hivi. Kama ipo lugha iliyokwishafika sokoni pande zote na haina kabila la kuogopwa, ichukueni, na msiishie kwenye wimbo wa taifa: ipelekeni sekondari na mahakama ya juu ndani ya muda uliotajwa. Kama haipo, msiitengeneze kwa amri. Chukueni mbili au tatu na mpange kila moja ifanye nini. Kama makundi yenu yamekaa kila moja kwake na hamna historia ya kufukuzana, njia ya ardhi ni nzuri kuliko zote. Kama mmechanganyika, iacheni. Na lugha ndogo, zile za bibi wa zahanati, msizipe cheo kama hamna fedha. Zipeni haki mbili tu zinazolipika, mkalimani wa bure hospitali na mahakamani, na miaka ya mwanzo ya shule. Ni bora haki mbili zenye bajeti kuliko majina 37.

Kiingereza sikitupi. Anayesema kitupwe kesho mara nyingi watoto wake wako shule ya Kiingereza leo.

Halafu ningeomba kifungu cha nakala kiandikwe kwanza, kabla ya kile cha lugha ya taifa, na kisomwe redioni. Uganda ilirekebisha Katiba yake mwaka 2005 ikasema Kiswahili kitakuwa lugha ya pili rasmi, kitumike katika hali zile ambazo Bunge litaziweka kwa sheria. Julai 2022, miaka 17 baadaye, baraza la mawaziri lilikuwa bado linapitisha azimio kwamba Kiswahili ni lugha rasmi. Rasimu ya nchi yako ikija na maneno hayo, "kwa namna itakavyowekwa na sheria", uliza muswada wa sheria hiyo uko kwa nani, na unapelekwa bungeni tarehe ngapi.